Roja (1992): albamu iliyomtoa A.R. Rahman, na kwa nini uisikilize kwa Kitamil

Niseme mapema ili asiyependa maneno mengi achukue jibu lake aondoke: albamu ya Roja, yaani nyimbo za filamu ya India ya jina hilohilo, isikilize, isikilize kwa Kitamil, lugha ya kusini mwa India, na kama una hedifoni za maana zitoe leo. Wenye muda tubaki tuongee, maana hii kazi ina mambo yake na siwezi kuyamaliza kwa sentensi mbili.

Wengi tukisikia sinema ya Kihindi akili inakimbilia Mumbai, Shah Rukh Khan, basi imeisha. Ila India ina viwanda vya sinema kibao, na hiki cha Kitamil kiko Chennai, enzi hizo ikiitwa Madras, kimejikita mtaa wa Kodambakkam ndo maana watu wakakiita Kollywood, wana lugha yao, mastaa wao, na muziki wao ambao ukishauzoea unaanza kuona ule wa Mumbai sukari imezidi kidogo. Huo ni mtazamo wangu, msinirukie.

Roja yenyewe ni filamu ya Mani Ratnam, ilitoka tarehe 15 Agosti 1992, siku ya uhuru wa India. Hadithi kwa kifupi: jamaa wa mjini anaitwa Rishi anaenda kijijini kusini mwa Tamil Nadu kuposa, yule dada anayeposwa ana mtu wake anayempenda, anamwomba Rishi pembeni aseme yeye ndo kamkataa, Rishi anakubali halafu mbele ya watu anamnyooshea kidole mdogo mtu, Roja, kwamba basi naoa huyu. Roja anaolewa kanuna, anajua dada yake kadhalilishwa, mpaka ukweli unapotoka mambo yanalainika, wanaenda Kashmir, kaskazini kabisa mwa India, kwa kazi ya mume, na huko wapiganaji wanamteka huyo mume. Binti anabaki peke yake mahali ambapo karibu hakuna anayeelewa Kitamil chake. Shikilia hiyo ya lugha, tutairudia.

Sasa muziki. Mani Ratnam alikuwa anafanya kazi na Ilaiyaraaja, na kwa asiyejua Ilaiyaraaja ni nani, huyo ni mtu anayekaa chini anaandika noti za okestra nzima, wapigaji wote wanaingia chumba kimoja, wanapiga, wimbo umeisha. Kusini mwa India alikuwa ndo mfalme hakuna ubishi, na hadi Thalapathi ya 1991 walikuwa pamoja. Halafu ghafla Mani Ratnam anamwacha mfalme anaenda kumchukua kijana wa miaka 25 ambaye hajawahi kufanya muziki wa filamu hata moja kwa jina lake. Huyo kijana, A.R. Rahman, aliwahi kumpigia kinanda Ilaiyaraaja huyohuyo, kwa hiyo unaweza kufikiria watu walivyopokea.

Baba yake Rahman, R.K. Shekhar, alikuwa mtu wa muziki wa sinema, akafariki kijana akiwa na miaka tisa, familia ikawa inaishi kwa kukodisha vyombo vya marehemu, na mtoto akaanza kupiga vinanda kwenye rekodi za watu bado yuko umri wa shule. Baadaye akaingia kwenye matangazo ya biashara, lile la kahawa ya Leo linatajwa sana, na mwaka 1989 akajenga studio nyuma ya nyumba yao Kodambakkam, Panchathan Record Inn.

Nayasema haya kwa sababu kwangu hapo kwenye matangazo ndo ufunguo wa albamu yote. Tangazo ni sekunde thelathini. Huna muda wa kujiumauma, sekunde ya tatu kama hujamshika msikilizaji keshaondoka, na lile jina la bidhaa lazima lisikike hata kwenye redio mbovu, kwa hiyo anayetengeneza anajifunza kitu ambacho maprodyuza wengi wa muziki mpaka leo hawajajifunza, nacho ni kuiachia sauti ya mtu nafasi. Roja imejaa hiyo kitu. Kila wimbo unakukamata kabla hujaamua kama unaupenda, halafu ukija kusikiliza vizuri unakuta vyombo havigombani, kila kimoja kina kona yake, na mwimbaji kasimama katikati peke yake kama kapishwa njia.

Tuanze na Chinna Chinna Aasai maana hata nisipoanza nayo mtaniuliza. Anaimba Minmini, dada kutoka Kerala. Ndo wimbo unaomtambulisha Roja, binti anazunguka kwao, maporomoko ya maji, mashamba ya mpunga, hana habari na dunia. Mashairi ni ya Vairamuthu, aliyeandika nyimbo za albamu hii, na alichofanya ni orodha tu ya matamanio madogomadogo ya msichana: anataka aushike mwezi aubusu, dunia imzunguke yeye, ageuke ua la asmini, aingie kwenye tope la mpunga apande miche, avue samaki halafu amrudishe mtoni. Aisee huyo samaki. Mshairi mwingine angeandika mapenzi na machozi, huyu kaweka samaki anarudishwa mtoni na unamjua binti mzima kwa mstari mmoja. Alipata tuzo ya taifa ya India kwa mashairi ya wimbo huu na sioni wa kumbishia.

Chini ya sauti ya Minmini sasa, besi inatembea kirege kabisa, polepole, inarudi nyuma kidogo, na juu yake melodi ni ya kijijini Tamil Nadu. Kwenye karatasi hivi vitu haviendani. Rege na mpunga wapi na wapi? Lakini ukisikiliza huoni mshono, na hapa ndo hedifoni zinapohitajika kwa sababu kwenye spika ya simu ile besi inapotea yote na unabaki na kawimbo kazuri ka msichana, mtu anakwambia mbona wa kawaida, kumbe nusu ya wimbo hajaisikia. Minmini naye hajakaza, anaimba kama hajui kuna maiki mbele yake, hamna yale mapambo ya kuonyesha najua kuimba. Wimbo umepigwa sana miaka hii yote, kwenye mashindano ya watoto, kwenye harusi, umekaririwa mpaka watu wamechoka, na bado ukiuweka leo unashika.

Kuna na kipande kifupi cha wimbo huohuo kimerudiwa kama nyongeza. Cha kuruka.

Wimbo wangu mimi ni Pudhu Vellai Mazhai na hapa niko tayari kugombana na mtu. Unni Menon na Sujatha. Kwenye filamu ni pale mume na mke wamepatana, wako kwenye theluji, Roja hajawahi kuona theluji maisha yake (hiyo theluji sehemu yake walienda kuipigia picha Manali, nje ya Kashmir, maana Kashmir ya miaka ile haikuwa mahali pa kutembea na kamera). Maneno yanaiita mvua mpya nyeupe, na ndivyo mtu wa kusini, aliyezoea mvua ya kawaida, angeiona. Muziki ukoje? Mpana. Sijui nisemeje vingine, kuna sauti za nyuma zimetandazwa mbali huko kama ziko upande wa pili wa bonde, mdundo umewekwa kidogo tu wa kutosha mtu kutembea, na katikati panabaki patupu, kweupe. Angekuwa mtu mwingine hapo katikati angemwaga fidla mia. Unni Menon anaingia chini kabisa, hana haraka, halafu Sujatha anakuja juu yake kama pumzi, na wimbo haukimbilii popote, hauna ile sehemu ya kupanda watu washangilie. Kwa mtu wa mwaka 1992 aliyezoea nyimbo za sinema zenye kila kitu kwa pamoja hii lazima ilikuwa ajabu, maana hata sasa hivi watu wanatengeneza ngoma kwenye kompyuta zenye sauti mia moja zimepangwa juu ya nyingine na hakuna hata moja inayokupa hiyo baridi.

Halafu jambo lingine. Hawa waimbaji Minmini, Unni Menon, Sujatha, pia K.S. Chithra tutakayemfikia, wote ni watu wa Kerala, lugha yao ya nyumbani ni Kimalayalam. S.P. Balasubrahmanyam naye Kitelugu. Yaani albamu inayosifiwa kwa Utamil wake, wengi wa waliosimama kwenye maiki walikuja na lugha nyingine, na Rahman amekuja kujulikana kwa ule mtindo wake wa kurekodi usiku, mwimbaji anaingia peke yake anaimba hivi, anaimba vile, baadaye ndo jamaa anakaa anachagua na kupanga. Ukilinganisha na ule wa Ilaiyaraaja wa wote chumba kimoja siku moja, hii ni dunia nyingine kabisa, na ndo imekuja kuwa kawaida ya kila studio.

Kadhal Rojave. Hapa ni SPB, yaani yule S.P. Balasubrahmanyam. Kwa wasiomjua, huyu mzee alianza kuimba kwenye filamu mwaka 1966, ameimba maelfu ya nyimbo kwa lugha sijui ngapi za India, ametutoka Septemba 2020 baada ya kuugua korona, na India nzima ililia. Kwenye Roja anaimba nafasi ya mume aliyetekwa, kafungiwa huko milimani anamwita mkewe, uko wapi waridi langu. Ni wimbo ambao mwimbaji mwenye uwezo kama wake angeweza kuuimba kwa kulia, akapasua, watu wakasimama. Hakufanya hivyo. Anauzuia. Kuna mahali sauti inataka kukatika na anairudisha, na hiyo kuirudisha inaumiza kuliko kilio. Sujatha kapewa sehemu ndogo tu na anaitendea haki. Ila niwe mkweli, kwenye huu wimbo ndo utasikia umri wa albamu, ile midundo ya mashine ina ule mlio wa mwanzo wa miaka ya tisini, umejaa mwangwi, na zile nyuzi za sinthesaiza zinajulikana kabisa kwamba si nyuzi za kweli. Hainisumbui sana kwa sababu ya SPB, lakini ukiwa umezoea miksi za siku hizi utaisikia.

Rukkumani Rukkumani watu wengi wenye kujidai wasomi wa muziki wanauruka na mi nasema mnakosea. Ni wa harusini, SPB na Chithra, wabibi wa kijijini wanacheza na kuwatania maharusi kuhusu kelele za usiku wa kwanza, swali la wimbo ni kelele gani hizo zinasikika huko kwa jirani jamani. Adabu imewekwa pembeni. Kama sebuleni hakuna anayejua Kitamil uko salama. Midundo imerundikwa, kuna watu wanahema ndani ya biti, kuna korasi ya wanawake inajibu, na kwenye filamu wanaocheza ni wabibi kwelikweli wenye mvi, hawakuletwa mabinti wa kukata viuno. Ukiutoa huu albamu inakuwa nzuri ila ya kulala. Huu ndo unaokuamsha.

Wa mwisho, Thamizha Thamizha, kaimba Hariharan, mtu wa ghazal, zile nyimbo za mashairi ya mapenzi ya Kiurdu, na ndo alivyoingia kwenye sinema ya Kitamil. Ni wa uzalendo. Kwenye filamu unaambatana na ile sehemu ambapo watekaji wanachoma bendera ya India na Rishi anajirusha juu ya moto auzime kwa mwili wake, na hapo pamoja na picha unakushika utake usitake. Bila picha, kama wimbo tu, ni mkavu. Ndo wimbo pekee kwenye albamu unaokuelekeza ujisikieje. Na filamu yenyewe ilizua maneno mengi India, wapo waliosema inawachora Wakashmiri na Waislamu vibaya na kuufanya uzalendo uwe rahisi mno, hoja ambayo mi naona ina uzito, na ukikumbuka kwamba Rahman mwenyewe alikuwa kasilimu miaka michache tu kabla, inakuwa na ladha ya ajabu.

Lakini hapohapo ndo nataka kurudi kwenye ile habari ya lugha. Kwa Kitamil, huu wimbo unamwita Mtamil, unamwambia kesho ni yetu, nchi ni yetu. Sasa Tamil Nadu ni mahali ambapo chama cha DMK kilikuwa kinadai kujitenga na India mpaka kilipoachana na dai hilo mwaka 1963, na mwaka 1965 kulikuwa na maandamano makubwa ya kukataa Kihindi kisiwe lugha ya taifa zima, watu walikufa. Kumwambia Mtamil kwa lugha yake kwamba hii nchi ni yako, hayo si maneno mepesi hapo. Filamu ilipotafsiriwa kwa Kihindi, wimbo ukawa Bharat Humko Jaan Se Pyara Hai, India tunaipenda kuliko roho zetu, na Hariharan huyohuyo, melodi ileile. Umekuwa maarufu sana, shule zinauimba, na umekuwa wimbo wa uzalendo kama nyingine zote. Yale mabishano yote ya ndani yamefutika. Kwa hiyo hata wimbo ninaoupenda kidogo zaidi, kwa Kitamil una kitu cha kusema na kwa Kihindi hauna.

Tukiwa hapo tumalizane na toleo la Kihindi. Mashairi ni ya P.K. Mishra na ndilo wengi walilolijua kwanza. Dil Hai Chhota Sa ni Chinna Chinna Aasai, kaimba Minmini tena, si mbaya, ila maneno yanaonekana yamebanwa yaingie kwenye melodi iliyokatwa kwa kipimo cha lugha nyingine, silabi zinasukumana. Yeh Haseen Vadiyan ni ile theluji yangu, safari hii SPB na Chithra, na naomba nieleweke, hao ni waimbaji wakubwa na wapo wanaoupenda huu kuliko wa Kitamil, ila wao wanaimba kikubwa, wanajaza, na utamu wote wa ule wimbo ulikuwa kwenye kutojaza. Roja Jaaneman SPB anajitetea vizuri. Kisha Rukmani wakampa Baba Sehgal na Shweta Shetty, Baba Sehgal ndo alikuwa anavuma kwa rap ya Kihindi wakati ule, na matokeo yake wabibi wangu wa kijijini wamegeuzwa disko. Hapana. Hapo sina huruma.

Kuhusu sifa, albamu ilimpa Rahman tuzo ya taifa ya muziki kwa filamu yake ya kwanza, na inachekesha kwamba mpinzani wake kwenye mwisho alikuwa Ilaiyaraaja kwa Thevar Magan, kura za majaji zikafungana na mwenyekiti Balu Mahendra akampa kijana. Mwaka 2005 jarida la Time likaiweka Roja kwenye orodha yake ya albamu kumi bora za muziki wa filamu za wakati wote. Wanaomjua Rahman kwa zile Oscar mbili za Slumdog Millionaire tu, samahani, mmeingia ukumbini shughuli inaisha.

Kasoro nyingine ni ufupi. Haifiki hata dakika arobaini, na humo kuna kipande cha kurudia, kwa hiyo nyimbo kamili ni tano tu. Angalau hamna ya kujazia nafasi. Na usitegemee muziki wa nyuma wa filamu, ule unaopigwa kwenye matukio, humu haumo, mwenye kuutaka itabidi aangalie filamu yenyewe, na mi ningesema iangalie hata kama si kwa ajili ya muziki kwa sababu Madhoo kwenye nafasi ya Roja yuko vizuri sana, tafuta yenye sabtaito.

Sasa angalizo kwa anayeenda kuitafuta mtandaoni. Matoleo yamechanganyikana vibaya, picha ya jalada inafanana na unaweza kujikuta umesikiliza nzima kwa lugha ambayo hukuikusudia. Angalia majina ya nyimbo. Ukiona Chinni Chinni Aasa na Naa Cheli Rojave, hicho ni Kitelugu. Ukiona Dil Hai Chhota Sa, Kihindi. Ukiona Chinna Chinna Aasai na jina la Minmini, na Pudhu Vellai Mazhai imeandikwa Unni Menon na Sujatha, umefika, bonyeza, na uanze na hiyo ya pili.